Mganga Asiye na Jina: Historia ya Mzizi Mmoja wa Maumivu

Mama yangu anaumwa magoti. Ni baridi yabisi ya miaka mingi, ile inayomwezesha mtu kuijua mvua kabla mawingu hayajakusanyika. Kwa muda wote huo amejitibu kama alivyofundishwa na mama yake: jani la mbarika lililopashwa moto na kufungwa gotini usiku, mafuta ya nyonyo ya kuchulia, na tangawizi ya kuchemsha. Hospitali nayo humpa vidonge, naye huvimeza kwa utii. Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo, akamletea kopo la vidonge vya mitishamba na kumweleza kwamba wazee wa huko huvitumia kwa maumivu ya viungo. Mama alilishika kopo lile kwa uangalifu, akalizungushazungusha, kisha akanipa.

"Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu nisomee. Huu mti wa Wazungu unaitwaje?"

Nilisoma. Jina la Kijerumani lilikuwa Teufelskralle, yaani ukucha wa shetani. Chini yake, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la kitaalamu: Harpagophytum procumbens. Nikamwambia, "Mama, huu si mti wa Wazungu. Unaota kusini mwa Afrika, kwenye mchanga wa Kalahari."

Alinyamaza kidogo. "Sasa kama ni wa kwetu Afrika, mbona umepitia Ulaya ndipo ukanifikia mimi?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu mama. Ninayaandika pia kwa ajili ya wanafunzi wangu, na kwa ajili ya wale miongoni mwenu mnaoketi katika ofisi za umma ambako vibali vya utafiti na vya kusafirisha mazao ya misitu hugongwa mihuri. Swali la mama linaonekana kuwa la kibiashara, lakini undani wake ni wa kihistoria: ujuzi wa kutuliza maumivu unapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ni nani huandikwa, na ni nani huachwa nje ya daftari?

Mmea wenyewe

Ukucha wa shetani ni mmea unaotambaa ardhini. Ni wa ukoo mmoja wa mimea na ufuta wetu wa Lindi na Mtwara, ingawa kwa sura mtu asingedhani. Maua yake yana rangi ya zambarau, na tunda lake lina mikono mirefu yenye ndoano kali ambazo hunasa katika kwato za wanyama na hivyo kusambaza mbegu. Jina la Kizungu lilitokana na tunda hilo, lakini dawa haimo katika tunda. Imo chini ya ardhi. Mmea una mzizi mkuu unaozama wima, na kutoka humo hutawanyika viazi vya pembeni vinavyohifadhi maji ya kuvukia kiangazi. Viazi hivyo vya pembeni ndivyo vinavyochimbwa, kukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani.

Wasan na Wakhoikhoi, wenyeji wa kale kabisa wa nchi hizo, waliutumia kwa homa, kwa matatizo ya tumbo, kwa vidonda na kwa maumivu ya aina nyingi. Walijua pia jambo ambalo wafanyabiashara walichelewa kulijua: ukichukua viazi vya pembeni, ukauacha mzizi mkuu na kuufukia vizuri, mmea huchipua tena. Ukiung'oa mzizi mkuu, umeua mmea. Kwa maneno mengine, ujuzi huo ulihusu dawa na ulihusu pia namna ya kuichimba bila kuimaliza. Msomi wa leo angegawa mambo hayo katika idara mbili za chuo kikuu, lakini kwa mchimbaji wa Kalahari lilikuwa jambo moja.

Vita na simulizi ya mbwa

Ulaya iliufahamuje mmea huu kama dawa? Vitabu vingi vya tiba ya mitishamba hurudia simulizi moja. Inasema kwamba wakati wa vita vya mwanzoni mwa karne ya 20 katika koloni la Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, ambayo leo ni Namibia, mtu mmoja alijeruhiwa vibaya na madaktari wa Kijerumani wakamkatia tamaa. Mganga mwenyeji akamtibu, akapona. Mjerumani mmoja, G. H. Mehnert, alitaka kujua ni dawa gani iliyotumika. Mganga akakataa kusema. Ndipo Mehnert, kwa mujibu wa simulizi hiyo, alipomtumia mbwa wake aliyefunzwa kunusa, akapata mahali ambapo mganga alikuwa amechimba.

Ninawafundisha wanafunzi wangu kwamba simulizi iliyohifadhiwa na upande mmoja isikubaliwe wala isitupwe kabla ya kuhojiwa. Hii hatuwezi kuithibitisha kwa ushahidi wa mganga mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeandika alichosema. Hata hivyo, tazama kile ambacho wasimuliaji wenyewe hawakuona haya kukisema. Wamekiri kwamba mwenye ujuzi alikataa. Wamekiri kwamba kukataa kwake hakukuheshimiwa. Wamelihifadhi jina la Mehnert, na wamemkumbuka hata mbwa. Mganga hana jina. Ameachiwa tu jina la jumla la dharau ambalo wakoloni waliwaita Wakhoikhoi wote.

Aidha, tazama ni vita gani. Waherero waliinuka dhidi ya Wajerumani Januari 1904. Baada ya mapigano ya Waterberg mwezi Agosti, Jenerali Lothar von Trotha aliwasukuma watu wote, wanaume kwa wanawake na watoto, kuelekea jangwa la Omaheke, na tarehe 2 Oktoba 1904 akatoa amri ya kuwaangamiza. Mwezi huohuo Wanama chini ya Hendrik Witbooi nao wakaingia vitani. Walionusurika walifungwa katika kambi, mojawapo ikiwa ile ya kisiwa cha Shark, ambako wengi walikufa kwa njaa, baridi na kazi za shuruti. Inakadiriwa kwamba hadi asilimia 80 ya Waherero na nusu ya Wanama waliangamia kati ya 1904 na 1908. Serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita matendo hayo mauaji ya kimbari mwaka 2021.

Sisi Watanzania hatuna haki ya kuisoma historia hiyo kama habari ya nchi ya mbali. Von Trotha aliwahi kuhudumu katika jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani katika miaka ya 1890, kabla hajatumwa huko. Na wakati Wanama walipokuwa wanapigana kusini, hapa kwetu ilizuka Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambayo nayo ilibeba neno dawa katikati yake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita hivyo. Serikali moja ya kikoloni, katika miaka ileile, ilimnyonga mtu wa dawa upande huu wa bara, na upande ule raia wake akamfuata mtu wa dawa kwa mbwa. Machoni pa mkoloni mganga alikuwa hatari anapowakusanya watu na alikuwa na manufaa anapochimba mizizi. Kwa vyovyote vile, hakuwa mtaalamu wa kuketi naye na kumwuliza jina lake.

Barua ya kasisi

Msomaji anaweza kusema kwamba hivyo ndivyo dunia ya kale ilivyokuwa, na kwamba hakuna aliyejua nani aligundua nini. Si kweli. Tuitazame dawa nyingine ya maumivu iliyotoka mtini, ili tupate kipimo cha kulinganisha.

Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone wa Chipping Norton, aliandika barua kwa Royal Society ya London. Alieleza kwamba aliwahi kuonja gome la mwerebi, akashangazwa na uchungu wake, uliomkumbusha gome la Peru ambalo ndilo lililotupatia kwinini. Alilikausha, akalisaga na kuwapa watu wapatao 50 waliokuwa na homa za vipindi, naye akaripoti kwamba liliwasaidia wengi wao. Barua ilichapishwa. Kwa sababu hiyo, leo kila kitabu cha historia ya aspirini humtaja Stone, ingawa matumizi ya mwerebi kwa maumivu yalikuwapo tangu zamani za kale, na ingawa gome la Peru lililompa kipimo cha ulinganisho lilitoka kwa wenyeji wa milima ya Andes ambao majina yao nayo hatuyajui.

Kutoka hapo mlolongo una majina kila hatua. Mnamo 1828 Johann Buchner wa Munich alitenga salisini kutoka gome la mwerebi. Raffaele Piria akapata asidi ya salisili mwaka 1838. Mwaka 1876 daktari Thomas MacLagan wa Dundee alichapisha matokeo ya kutumia salisini kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, alitengeneza asidi ya asetilisalisili iliyo safi, na mwaka 1899 ikaingia sokoni kwa jina la Aspirin. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba dawa ya aina hiyo huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia maumivu, homa na uvimbe. Mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Lakini hata ndani ya maabara yenye madaftari na mihuri, jina huweza kufutwa pale mamlaka yanapotaka. Mkemia wa Kiyahudi Arthur Eichengrün, aliyefanya kazi Bayer wakati huohuo, alidai kwamba Hoffmann alifanya kazi ile kwa maelekezo yake. Masimulizi ya uvumbuzi huo yaliyochapishwa Ujerumani wakati wa utawala wa Wanazi hayakumtaja kama mwenye mchango. Mwaka 1944 alifungwa katika kambi ya Theresienstadt. Alinusurika, akachapisha dai lake mwaka 1949, akafariki mwaka huohuo. Bayer imeendelea kushikilia kwamba mvumbuzi ni Hoffmann, na wanahistoria bado wanabishana. Angalau Eichengrün aliacha maandishi ya kubishania. Mganga wa Namibia hakuachiwa hata nafasi hiyo.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: kuandikwa au kutoandikwa hakutokani na uzito wa ugunduzi. Kunatokana na nani anashika kalamu, na nani anachukuliwa kuwa na akili ya kugundua.

Kutoka mchangani hadi duka la dawa

Turudi Kalahari. Katika miaka ya 1950 mizizi ilikwisha kufika katika maabara za Ujerumani. Mwaka 1958 mtafiti B. Zorn alichapisha matokeo ya kuijaribu kwa panya wenye uvimbe wa viungo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanakemia walitenga kemikali waliyoiita hapagosidi, ambayo hadi leo hutumika kupima ubora wa dawa hiyo. Usafirishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1962. Namibia wakati huo ilikuwa chini ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na mizizi ilichimbwa katika nchi ileile iliyoshuhudia maafa ya jangwa na kambi.

Soko lilikua. Mwaka 1977 mmea uliwekwa katika orodha ya mimea inayolindwa, na vibali vikahitajika. Lakini kibali hakimfundishi mnunuzi wa mjini tofauti ya mzizi mkuu na kiazi cha pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa katika mkoa wa Omaheke mradi wa uvunaji endelevu, ambamo wachimbaji walijipanga, wakakubaliana namna ya kuchimba na kufukia mashimo, na wakamwuzia msafirishaji moja kwa moja kwa bei iliyo afadhali. Omaheke ni jina lilelile la jangwa la mwaka 1904. Pale ambapo watu walisukumwa ili wafe, wachimbaji walikuwa wanaieleza upya dunia namna ya kuchimba bila kuua. Mwaka 2002 Namibia ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mizizi mikavu, nyingi zikielekea Ulaya.

Maelfu ya kaya maskini za vijijini hupata fedha kutokana na kazi hiyo, na sitaki kuidharau. Kwa baadhi yao ndiyo fedha taslimu pekee ya mwaka. Lakini wao hulipwa kama vibarua wa kuchimba. Hawalipwi kama wenye ujuzi. Mzizi mkavu hutoka Namibia kwa kilo, na hurudi Afrika katika kopo, kwa idadi ya vidonge.

Karne zinazohesabiwa miaka 15

Hapa ndipo historia inapogusa sheria, na ninawaomba watumishi wa umma wanisome kwa makini.

Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa yameonyesha kwamba dawa hii hutoa nafuu ya kiasi kwa baadhi ya watu wenye maumivu ya mgongo na viungo, ingawa mengi ya majaribio hayo ni madogo au hayakufanywa kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa sababu hiyo, mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya haikuiweka katika kundi la dawa zilizothibitishwa kikamilifu. Inaitambua kwa msingi mwingine: matumizi ya jadi. Yaani inaruhusiwa kuuzwa kwa maumivu madogo ya viungo kwa kuwa imetumika muda mrefu.

Jadi ya nani? Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004 kuhusu dawa za mitishamba za jadi linadai ushahidi wa miaka isiyopungua 30 ya matumizi, na kwa kanuni ya kawaida miaka isiyopungua 15 kati ya hiyo iwe ndani ya Umoja wenyewe. Tafakari maana yake. Karne zote za Wasan na Wakhoikhoi, vizazi kwa vizazi vya watu waliojaribu, wakakosea, wakasahihisha na kurithisha, katika hesabu hiyo haziwezi kuzidi miaka 15. Nusu iliyobaki lazima ijazwe na matumbo na magoti ya Wazungu. Mmea huu ulivuka kizingiti hicho kwa urahisi kwa kuwa Wajerumani walikuwa wanautumia tangu katikati ya karne iliyopita. Lakini mmea wa Kiafrika ambao haujapitia njia hiyo, hata kama umetumika Usambara au Unyamwezi tangu enzi za mababu, utaonekana mbele ya sheria hiyo kama mgeni asiye na historia.

Simlaumu mtunga sheria kwa kutaka ushahidi wa usalama. Ningekuwa mimi ningetaka pia. Ninachosema ni kwamba neno jadi limehamishiwa mwenyewe mwingine. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mama: dawa ilipitia Ulaya kwa sababu Ulaya ndiko ilikopewa historia inayokubalika.

Na sisi wenyewe?

Ni rahisi kuandika makala ya kuwalaumu Wajerumani na kuishia hapo. Ningekuwa mwalimu mbaya kama ningefanya hivyo, kwa maana sisi nasi tuna daftari letu.

Mwaka 1928 serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi. Sheria hiyo haikupiga marufuku majani na mizizi kwa jina. Hata hivyo, iliweka uganga na ramli chini ya jicho la ofisa wa utawala, ambaye mara nyingi hakujua lugha wala mmea, na aliyekuwa na uwezo wa kuamua lipi ni dawa na lipi ni hirizi. Matokeo yake mganga alijifunza kunyamaza, na mwenye kunyamaza harithishi kwa uwazi. Tulipojitawala tuliirithi sheria hiyo, na imeendelea kuwamo katika vitabu vyetu.

Zipo hatua njema. Mwaka 1974 kilianzishwa Kitengo cha Utafiti wa Dawa za Asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kuwasajili waganga. Mganga alitoka kwenye faili la polisi akaingia kwenye rejesta ya afya. Hilo ni badiliko kubwa.

Lakini mwaka 2011 tulipimwa, tukaonekana tulivyo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, ambao ni jamii ya mtandamboo, kwa shilingi 500. Maelfu kwa maelfu walimiminika, mawaziri na makabwela pamoja. Wapo waliotoka hospitalini wakiwa na dripu, na wapo waliokufa wakiwa foleni. Mzee yule alitaja bei iliyo ndogo kuliko nauli ya daladala kwenda na kurudi, wala simchukulii kuwa tapeli. Ninachokikumbuka ni kwamba taifa lenye taasisi ya utafiti wa miti shamba lilikosa, katika wiki zile za kwanza, sauti moja ya kitaalamu iliyoaminika kuwaambia watu mti ule unafanya nini na haufanyi nini. Baada ya miaka mingi ya kumdharau mganga, tulijikuta na njia mbili tu: kumpuuza au kumsujudia. Njia ya tatu, ya kumwuliza, kumpima na kumwandika, hatukuwa tumeizoea.

Mhojiwa namba 7

Sasa niseme langu. Nimesimamia tasnifu ambamo wanafunzi waliwahoji wazee kuhusu mitishamba, na katika kurasa zake mzee aliyetumia miaka 50 akiujua msitu anaitwa "Mhojiwa namba 7". Nilisaini. Kanuni za maadili ya utafiti zinataka majina yafichwe, na kanuni hizo zina sababu njema: zilitungwa kumlinda mgonjwa, maskini na mnyonge asidhurike kwa kusema. Lakini mzee yule katika habari ile hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtaalamu. Hakuna anayeandika katika tasnifu kwamba nadharia fulani ni ya "Profesa namba 7". Kwa kumficha bila kumwuliza kama anataka kufichwa, nilifanya kwa adabu kile ambacho simulizi ya mbwa ilifanya kwa ujeuri.

Ndiyo maana nashauri mambo matatu. La kwanza ni la sisi wa vyuo vikuu: fomu ya ridhaa iwe na sehemu ya mwenye ujuzi kuchagua kutajwa kwa jina, au kutajwa kwa jina la ukoo na kijiji, au kufichwa. Uamuzi uwe wake.

La pili ni la serikali. Mwezi Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba unaotaka mwombaji wa hataza inayotegemea rasilimali za kijenetiki au ujuzi wa jadi aeleze vimetoka wapi. Namibia, iliyofunzwa na ukucha wa shetani, ilikwisha kutunga sheria yake ya rasilimali hizo na ujuzi unaoambatana nazo mwaka 2017. Ofisa anayegonga muhuri wa kibali cha kutoa mizizi nchini aulize swali moja zaidi ya uzito na ushuru: nani alikuonyesha? Mkataba wa kimataifa haumlindi mtu ambaye jina lake halimo hata katika faili la wilaya.

La tatu ni letu sote: tuache kuamini kwamba kitu cha asili hakidhuru. Mganga hodari wa zamani alijua kipimo, alijua nani asipewe, na alijua dawa ipi haipatani na mimba. Anayeuza unga wa mizizi katika chupa ya soda kwa mtu asiyemwuliza hali yake, hawezi kujificha nyuma ya heshima ya mababu.

Tumejifunza kudai mifupa yetu. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954, na leo vijana wetu wanadai mabaki ya wengine yaliyomo katika makumbusho za Ulaya. Wana haki. Lakini ujuzi hauna sanduku la kurudishiwa. Huwezi kuupokea uwanja wa ndege. Hurudi kwa namna moja tu, nayo ni kuandikwa kwa jina la mwenyewe kabla hajafa.

Kopo la mama

Nililisoma kopo lile hadi mwisho. Karatasi ya ndani ilisema kwamba mwenye vidonda vya tumbo asitumie. Mama ana vidonda vya tumbo. Vidonge vya kutuliza maumivu alivyomeza miaka mingi vilikwisha kumjeruhi, kwa kuwa prostaglandini zilezile zinazochochea uvimbe gotini ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Onyo lile lilikuwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua mama, na pengine asiyoijua pia mchimbaji aliyeutoa mzizi mchangani. Nilimpigia simu mdogo wangu, tukakubaliana kopo lisitumike, na safari hii daktari wake akaelezwa kila kitu, pamoja na mbarika na tangawizi.

Mama hakusikitika. Alirudi kwenye jani lake la mbarika, ambalo halimponyi bali humpa usingizi. Nikachukua daftari nikamwomba aniambie alichofundishwa: jani la umri gani, linapashwa vipi, linafungwa kwa muda gani, na nani asifungwe. Alishangaa kwamba nayaandika mambo ya jikoni. Nilipomwuliza bibi alijifunza kwa nani, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataja jina la mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani, mkunga, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Jina hilo sijaliweka hapa, kwa sababu wajukuu zake wapo na sijawauliza. Nitakwenda kuwauliza.